Kuhesabu Pumzi Mgongoni kwa Mama

Marahaba, wajukuu zangu. Shikamoo zenu zimenifikia zote kwenye simu, hata zile mlizozikatakata zikabaki herufi tatu. Mmeniambia kwamba nyinyi madaktari wapya wa watoto mnakuja kufanya utafiti wa vifua huku kwetu Ngara na Biharamulo, na mngependa bibi awape uzoefu. Sawa. Uzoefu ninao wa kumwaga. Ila nawaonya mapema, msitegemee nipange mambo tangu mwanzo mpaka mwisho kama mnavyopanga ripoti zenu. Nimestaafu. Nina migomba yangu Murusagamba na mbuzi wakorofi wasioheshimu mpaka wa shamba, na kumbukumbu zangu nazo hupita zinapotaka.

Nianze na jambo ambalo sidhani kama mlifundishwa chuoni. Mama akija na mtoto mgongoni, usimwambie amshushe. Mpe kiti akae, au asimame atulie, halafu wewe zunguka nyuma yake. Mtoto mwache hukohuko mgongoni. Hapo ndipo pa kuhesabia pumzi zake.

Mnajua wenyewe kwamba nimonia ya mtoto huonekana kwenye kasi ya pumzi kabla ya kitu kingine chochote. Unahesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana pumzi za mtoto hukimbia, zikasita, zikakimbia tena. Sasa mtoto wa huku kwetu, asubuhi ya ukungu na baridi ya milimani, kafungwa sweta, juu yake shuka, juu yake kitenge. Wewe unakuja na mikono ya baridi na sura asiyoijua, unamwacha kifua wazi. Lazima alie. Akilia, hesabu imekwisha.

Mimi nilikuwa nawafungua. Wiki zangu za kwanza kwenye utafiti kama huo wenu niliwafungua kama mtu anayemenya ndizi, chumba kizima kinalia, na mimi na saa yangu nahesabu tu. Kiongozi wetu alikuwa Dakta Laurenti, mzee mmoja mrefu aliyefunga tai kila siku ya Mungu, hata kwenye vumbi la kambi ya wakimbizi. Alisimama mlangoni akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Daktari, unahesabu nimonia au unahesabu hasira?"

Wauguzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alimwomba ruhusa mama aliyefuata kwenye foleni, akanishika mkono akaupitisha chini ya kitenge, akaulaza kwenye mgongo wa mtoto, chini kidogo ya mabega. "Tulia," akasema. "Usitafute kitu. Kitakuja chenyewe."

Mwanzoni nilihisi joto tu. Baadaye nikahisi mambo mawili. Pumzi ya mama ni kubwa na ya polepole, inamnyanyua mtoto mzima na kumshusha. Pumzi ya mtoto ni ndogo, ya haraka, inasukuma kiganja chako tu. Ukishazijua hizo mbili huzichanganyi tena maishani. Mtoto mwenyewe wala hajui kama umefika, analala zake. Ukimaliza kuhesabu ndipo unamwomba mama amshushe, unatazama kama mbavu zinabonyea, unasikiliza kifua. Hapo akilia na alie, ulichokitaka umeshakipata.

Sharti ni moja tu. Mama asitembee, wala asimtikise mtoto kumbembeleza. Mwili wake ukisogea, pumzi ya mtoto inapotea humohumo.

Nyinyi wengi mlikuwa hamjazaliwa wakati huo. Vita vilikuwa vimewamwaga watu kutoka ng'ambo ya mto, na vilima vyote vya njia ya Rusumo vilikuwa vimefunikwa na maturubai. Moshi wa kuni mbichi ulilala juu yake asubuhi hata usione mlima wa pili. Kila turubai lilikuwa na mtu anayekohoa. Swali letu lilikuwa hili: watoto watatu wanalala kwenye turubai moja, wanavuta moshi uleule, wanapigwa na baridi ileile, kwa nini mmoja anaumwa na kupona, mwenzake anaumwa na kufa, na wa tatu anapona na kurudi, anapona na kurudi? Tulifuatilia watoto wa kambini, na ili kulinganisha, tukafuatilia watoto wa Keza upande wetu na wa Nyamahanga upande wa Biharamulo. Watu walituita "watu wa vifua". Mimi nilikuwa mzaliwa wa huku, na Kihangaza chetu na lugha ya wale wageni ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo nilizungumza na akina mama bila mkalimani.

Msifikiri tuliponya wote. Ngoja niwaambie kitu ambacho sijakizoea mpaka leo. Mama aliyefiwa wodini alikuwa anakikunja kile kitenge cha kubebea, anakiweka begani, anatoka. Na alivyotoka, alikuwa bado ameinama mbele kidogo, vilevile kama mtu aliyebeba. Mgongo ulikuwa haujaambiwa. Nimewaona wa kambini wakitembea hivyo, na nimewaona wa Keza, shangazi zangu na dada zangu, na hapakuwa na tofauti yoyote. Kuna jioni nilikaa nyuma ya wodi nikalia mpaka nikaona aibu kurudi ndani.

Damu ilitupa shida kubwa. Huwezi kujua habari za kinga ya mwili bila kuchukua damu, na kambini maneno yalikuwa yamezagaa kwamba watu wa vifua wanauza damu ya watoto. Akina mama wakaacha kuja. Dakta Laurenti akasema hilo dogo, akaitisha watu, akapandisha mkono wa shati mbele ya umati na kuniamuru nimchome yeye kwanza ili waone kutoa damu hakuumi wala damu haipotei. Nikamchoma. Damu ilipoingia tu kwenye bomba, mzee mzima na tai yake akalegea, akaenda chini kama gunia la mihogo. Amezimia. Miaka yote ile anachoma watoto wa watu, yake mwenyewe hajawahi kuiona ikitoka. Umati ulicheka vicheko ambavyo sidhani kama vilikuwa vimesikika pale tangu wafike. Kesho yake foleni ilikuwa imerudi. Mama mmoja aliniambia, "Mtu anayeogopa damu namna ile hawezi kuwa anaiuza."

Huyo aliyesema hivyo ndiye Mama Donati, na ndiye ninayetaka mumfahamu.

Alikuwa mwembamba, mwenye ulimi mkali, mjane ambaye mumewe alifia njiani wakikimbia vita. Alikuja na mwanawe Donati, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili, na binti yake mkubwa Klaudia, wa umri wa kuanza shule. Donati ndiye yule mtoto wa tatu kwenye swali letu. Anapata nimonia, tunamtibu, anapona, anacheza, baada ya muda mfupi karudi na kifua kilekile. Nilishauzoea mgongo wake mdogo kuliko wa mtoto mwingine yeyote. Kitenge chao kilikuwa cha njano chenye ndege wa kijani, na mkono wangu ulikijua upande wa ndani na wa nje.

Siku moja Dakta Laurenti alimuuliza kama aliwahi kuwa na watoto wengine.

"Wavulana wawili," akajibu. "Walikufa kwa kifua, nyumbani, kabla ya vita."

"Na huyu msichana?"

"Huyu hata mafua hayajui."

"Kwa hiyo ni wavulana tu?"

"Wavulana tu."

Mzee akalegeza tai. Nikajua pana jambo, maana tai ile haikulegezwa hata siku alipozimia. Tulipotoka nje akanieleza kwamba wako watoto wachache, wa kiume, wanaozaliwa na mwili usioweza kutengeneza kingamwili. Wakiwa tumboni mama huwagawia za kwake, kwa hiyo miezi ya mwanzo wanakwenda vizuri. Zikiisha, wanabaki kama mtu aliyevuliwa blanketi. Ikiwa ndivyo, Donati angehitaji dawa kila siku, hata akiwa mzima, kumlinda mpaka ipatikane tiba yenyewe kwenye hospitali kubwa. Lakini tusingeweza kuanza kwa kubahatisha. Kama kilichokuwa kinamsumbua ni kifua kikuu, dawa ile ingekificha kidogo tu na kumwacha aendelee kuliwa ndani. Ilibidi damu yake ipimwe, na kipimo hicho kilikuwa mbali.

Nikamweleza mama yake. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nikikupa damu ya mwanangu, wewe utanipa nini?"

"Jibu," nikamwambia.

"Wenzako wakipata jibu hutuma watu."

"Mimi sitatuma mtu. Nitakuja mwenyewe, nikwambie kwa mdomo wangu."

"Haya, muganga," akasema. Muganga, yaani daktari, ndivyo walivyotuita, kwa lugha yao na yetu.

Sikilizeni sasa jinsi damu ilivyosafirishwa enzi hizo, nyinyi mnaolalamika mtandao ukikatika. Chupa zilipangwa kwenye deli lenye barafu, zikapelekwa Mwanza kwa gari kupitia Biharamulo, na kutoka Mwanza zikaendelea mbele. Njia ile ya msituni ilikuwa na majambazi, kwa hiyo magari yalisubiriana Nyakanazi mpaka askari wa kusindikiza wapatikane. Dereva wetu Sudi, mwenyeji wa Biharamulo, alisubiri pale huku mvua inanyesha, na barafu inayeyuka. Akaona asikae bure. Akanunua soda zote za baridi kwenye kile kibanda, akazipanga kuzunguka chupa za damu. Wazo zuri, ila baridi ya soda zile ilikuwa ya jina tu, mafuta ya taa ya friji yalikuwa yameisha tangu juzi yake. Damu ikafika Mwanza imeharibika, Sudi akarudi na kreti ya soda hana hamu ya kuzinywa.

Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia Mama Donati kwamba tunahitaji damu tena. Niliogopa ulimi wake. Alikuwa anachambua maharage mbele ya turubai lake, hakuinua hata uso.

"Kwa hiyo damu ya mwanangu imefia njiani," akasema.

"Imefia njiani, mama."

"Wengi wamefia njiani," akasema, akamwita Donati, akaanza kumkunjia mkono wa sweta.

Safari hiyo ikafika salama. Lakini muda ulikuwa umekwenda, na wa kungoja majibu ukawa mrefu. Katikati hapo Donati aliumwa tena, tukamtibu. Akajifunza kutembea wodini akiwa ameshikilia tai ya Dakta Laurenti, na mzee anatembea ameinama, anajikaza asicheke. Mama yake nilimfundisha kumhesabu nyumbani. Alimfunga Donati mgongoni kwa Klaudia, yeye anapitisha mkono chini ya kitenge. Saa hakuwa nayo. Alizilinganisha na pumzi zake mwenyewe, na siku aliponiletea mtoto akisema leo zimekimbia, zilikuwa kweli zimekimbia. Kila tukiagana ananiuliza, "Jibu?" Namwambia bado.

Kisha ikaja ile amri kwamba wakimbizi warudi kwao. Nyinyi mmesoma habari hizo, mimi nitasema nilichokiona tu. Tuliamka asubuhi tukakuta maturubai yamebaki matupu kwenye tope, majiko bado yanatoa moshi, na barabara yote ya kwenda Rusumo imejaa watu wanaotembea mvuani. Nilikwenda mpaka kwenye turubai la Mama Donati. Nilikuta maganda ya maharage.

Asubuhi hiyohiyo Dakta Laurenti alirudi kutoka Mwanza, alikokwenda kufuatilia majibu. Gari lilikuwa limeshindwa kupenya kwenye umati, akaliacha na Sudi, akaja kwa miguu. Tope mpaka magotini. Tai hana.

"Ni kweli," akaniambia. "Hana kingamwili." Akatoa kopo la vidonge vya septrini kutoka kwenye mfuko wa koti. "Nusu kidonge kila asubuhi. Asiache hata akiwa mzima. Na wakifika waende hospitali kubwa waseme maneno hayohayo. Nenda, wewe una miguu."

Nilikimbia. Nilipita pembeni mwa barabara, kwenye majani, nikiwapita watu nikitokea nyuma yao. Nyuso sikuziona, wote walikuwa wameinama chini ya mizigo. Nilitazama migongo. Mgongo baada ya mgongo, magodoro, masufuria, watoto, wazee waliobebwa. Wanangu, sijawahi kutafuta kitu katika maisha yangu kama nilivyokitafuta kile kitenge cha njano. Nilikipata kwenye mteremko, karibu na daraja la kuvukia mpaka. Klaudia alikuwa mbele amejitwisha sufuria.

"Mama Donati."

Hakusimama, lakini aligeuza shingo. Alinitazama, akatazama miguu yangu iliyojaa tope. "Umekuja mwenyewe," akasema.

"Nimekuja mwenyewe. Jibu limekuja."

Nikatembea ubavuni kwake nikamweleza yote. Nilimwambia kwamba hakukosea kitu, wala kwa huyu wala kwa wale wawili, ni mwili tu ulivyozaliwa. Hapo uso wake ulibadilika, akauma midomo, machozi yakamtoka bila sauti huku anatembea. Nikampa kopo. Akalifunga kwenye fundo la kitenge, akarudia maneno yangu kwa sauti, nusu kidonge, kila asubuhi, asiache. Klaudia naye akayarudia kule mbele bila kuambiwa.

"Ana joto tangu jana," akasema mama yake.

"Simama kidogo nimhesabu."

Akataka kusimama. Askari aliyekuwa pembeni akasema, "Mama, tembea. Msizibe njia."

"Mimi ni daktari," nikamwambia. "Dakika moja tu."

"Daktari, tazama nyuma yako," akasema. Hakusema kwa ubaya, alikuwa kachoka hata sauti imemkauka. Nikatazama. Watu walikuwa wameshika kilima chote mpaka juu, wanakuja, na waliokuwa karibu wameshaanza kutusukuma.

Basi nikapitisha mkono chini ya kitenge tukiwa tunatembea. Nikaulaza pale ninapopajua. Joto lilikuwepo, kali. Nikatulia kama nilivyofundishwa, sikutafuta, nikangoja pumzi ije yenyewe. Haikuja. Nilichohisi ni hatua tu. Hatua za mama yake, hatua zangu, na kishindo cha watu wote wale kikipanda kutoka ardhini. Nilikwenda hivyo mpaka mwanzo wa daraja nikiomba ile pumzi ndogo inisukume kiganja, mara moja tu. Donati alikuwa akiniangalia muda wote kwa jicho moja, shavu limelala kwenye bega la mama yake.

"Toa mkono, muganga, utaanguka," Mama Donati akaniambia. "Tukifika tutakaa. Nitamfunga kwa Klaudia, nitamhesabu mwenyewe."

Nikatoa mkono. Wakavuka.

Utafiti ulikamilika, na ulikuwa mzuri, umewasaidia watoto wengi, sitaki mniambie vinginevyo. Siku hizi mna chanjo ya nimonia, mna kile kibanio cha kidoleni kinachosema hewa imepungua, na kila mama ana simu, au jirani yake anayo. Chukueni namba zote mbili. Na mkipata jibu, liende siku hiyohiyo, kwa boda, kwa miguu, kwa namna yoyote. Kwenye ripoti yetu, watoto wa kambini waliwekwa pamoja chini ya neno moja, "waliopotea". Dakta Laurenti, Mungu amrehemu, alibishana na wenzake juu ya neno hilo akashindwa, kwa sababu ndilo neno la kitaalamu la watu ambao utafiti umeshindwa kuwafuatilia mpaka mwisho. Mimi silipendi mpaka leo. Donati hakupotea. Najua alikopita. Nilikuwa nimemwekea mkono mgongoni.

Kama aliishi, ni mtu mzima sasa kuliko nyinyi. Sikupata habari yoyote. Niliuliza kwa kila mtu aliyetoka upande ule, mwishowe nikaacha kuuliza kwa sababu watu walianza kunionea huruma.

Njia ya kutoka kwangu kwenda barabarani ni nyembamba, na mara nyingi mbele yangu anakuwepo mama aliyebeba mtoto. Simpiti. Namfuata nyuma polepole na fimbo yangu, natazama kitenge, na sioni kitu, maana anatembea. Akinisikia, hugeuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," namwambia. "Simama kidogo tu. Dakika moja."

Wanajua bibi ana wazimu wake. Husimama. Nazunguka nyuma, napitisha mkono, nahesabu mpaka dakika iishe.